Togwa Niliyopeleka Kikao cha Wazazi

Mimi nimewahi kuilowesha kamati nzima ya shule kwa pombe, tena nimevaa baibui langu la sikukuu, na bora niwasimulie mwenyewe maana hapa Sumbawanga kila mtu anausimulia mkasa huu anavyotaka.

Mwanangu Zuhura alikuwa darasa la pili na alikuwa hatulii. Si utundu wa kawaida wa watoto, huyu anaandika herufi mbili, ameshasimama, ameshamvuta mwenzake, ameshasahau alikuwa anaandika nini. Mwalimu wake akasema akiendelea hivyo atamrudisha darasa la kwanza. Nikampeleka hospitali, na daktari mmoja, mama mtu mzima, akakaa naye muda mrefu, kisha akaniambia huyu mtoto si mkaidi, ndivyo ubongo wake ulivyo, kwake kutulia ni kazi ngumu. Chakula hakitamponya, akasema, lakini mtoto anayeshindia pipi na soda badala ya chakula anazidi kuhangaika, kwa hiyo ashibe asubuhi, na mchana apate chakula cha maana.

Sasa pipi zenyewe zilikuwa zinatoka wapi? Dukani kwetu. Ndiyo miaka ile biashara imefunguliwa, malori yanapanda kutoka mpakani Kasesya na biskuti na juisi za unga za kila rangi, na mume wangu Salumu anazipanga pale pale usawa wa mkono wa mtoto. Akazihamishia rafu ya juu. Nami nikaanza uji wa ulezi wenye karanga asubuhi, maharage au dagaa mchana, na badala ya soda, togwa, kinywaji kitamu cha ulezi kisicho kileo, ambayo jirani yangu Mama Sikazwe, mwenyeji wa Pito, alinifundisha kuipika. Sisemi Zuhura aligeuka malaika, ila alianza kumaliza ukurasa.

Kikakaribia kikao cha wazazi, na siku hiyo watoto hununuliwa soda. Nikaona haifai mwanangu akae peke yake anaangalia wenzake, basi nikaamua nipike togwa ya darasa zima, tena nisimame niwaeleze wazazi habari za chakula (nani alinituma?), mwalimu asikie, amwache mtoto wangu asonge mbele. Nikajaza dumu. Mvua ikanyesha, mgeni rasmi akakwama njia ya Mtowisa, kikao kikasogezwa wiki nzima. Mama Sikazwe alishanionya kwamba togwa hailazwi, ikikaa inachachuka na kuwa pombe, lakini kumwaga dumu zima roho iliniuma, nikajiambia baridi hii ya Ufipa ni jokofu tosha, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Siku yenyewe dumu likapanda baiskeli ya Salumu, likarushwa na kila shimo la njiani. Nililiona limevimba ubavuni, nikadhani nimelijaza mno. Darasani watu wamejaa, kamati iko mbele, na shemeji yangu, mwalimu wa madrasa, amepewa kiti karibu nao. Nikahutubia, nikasikilizwa, nikafika pale pa kusema kinywaji hiki hakina madhara yoyote kwa mtoto, nikazungusha kifuniko.

Kiliruka mpaka darini, na togwa nyuma yake, povu tupu, ikawashukia wanakamati, ikashuka kwenye kanzu ya shemeji, na harufu iliyojaa mle ndani haikuhitaji kuulizwa.

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa Kifipa, alijifuta uso, akalamba kidole taratibu.

"Mama Zuhura," akasema, "hii imeiva."

Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Shemeji alitoka pia, ila yeye hakuwa anacheka. Mimi nikapiga magoti na kuanza kufuta sakafu kwa mtandio wangu, kwa kukosa pa kuuficha uso.

Mwalimu akaja kunisaidia. Akaniambia kwa sauti ya chini tuzungumze kesho, kwamba ukurasa unaomalizwa ameuona, na atamhamishia Zuhura dawati la mbele kwanza, hayo ya kumrudisha yasubiri.

Tukiwa njiani kurudi, Zuhura alinishika mkono. Halafu akauliza, "Mama, leo mimi sijafanya kitu, si ndiyo?"

"Hujafanya kitu, mwanangu. Leo ni mama."

Akanirukia shingoni kwa furaha.

Hotuba nimekoma. Siku hizi nikiwa na neno na mwalimu namfuata mezani kwake, mikono mitupu, namweleza mtoto wangu alivyo, naaga, naondoka.