Mstari Uliobaki Chini ya Dirisha

Siku ya kwanza kazini sikugusa mashine yoyote. Nilifika kwenye ofisi ya kampuni ya pamba, mjini Uvira, kando ya ziwa, nikiwa na kitenge kipya na viatu vilivyonibana, na Shefu wa Informatiki, yaani mkuu wa kompyuta, akanisimamisha mlangoni.

“Weye mama, onyesha mikono.”

Nikaonyesha. Akainama akanusa.

“Ulikula nini?”

“Ndagala, shefu,” nikajibu, yaani dagaa wa ziwa letu.

“Enda kunawa. Ordinateri haikulaka ndagala.”

Nilinawa mara mbili, na mpaka leo, mimi bibi mwenye wajukuu, sigusi kompyuta ya mtu bila kunawa. Nyinyi vijana mnakula sambusa huku mnaandika, kisha mnashangaa herufi zinakwama.

Nilikuwa nimetokea kwenye taipu, kazi ya kunakili barua za wakubwa, na nilijiona najua karatasi kuliko mtu yeyote Uvira. Shefu alinivua kiburi hicho taratibu. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na kila jioni alizifunika mashine zake kwa vitenge vya mkewe kwa sababu ya vumbi la bondeni. Alinifundisha kuandika programu, yaani kupanga amri moja baada ya nyingine kwa lugha ambayo mashine inaielewa. Lakini alichonikazania zaidi ni kuchapa. Mashine yetu ya kuchapa ilikuwa ya sindano: ilidonoa utepe wa wino kwa kelele kama cherehani mbovu, na karatasi zake zilikuwa na matundu pembeni. Kwa kila mstari ilibidi niiambie programu: anzia hapa, vidole viwili kutoka juu, andika jina, shuka, andika kijiji, shuka tena, ukifika mwisho, fungua ukurasa mwingine.

Nilinung'unika. Habari zote zilikuwa palepale kwenye ekra, au skrini kama wasemavyo wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Kwa nini tusiipige picha ekra yenyewe tukaituma kwenye karatasi?

“Ekra ni ya ule muntu mwenye iko mbele yake,” Shefu alisema. “Karatasi itaenda fasi weye hauko. Na kule hakuna muntu wa kuifasiria.”

Nikamjibu ndiyo shefu. Sikumwelewa hata kidogo.

Vita vilipofika, kampuni ilifunga milango. Shefu alivuka kwenda Kigoma na watu wake, na sikumwona tena. Nilimpenda yule mzee kama baba na sikuwahi kumwambia, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Mimi nilibaki nyumbani, mtaa wa Rugenge, nikauza mihogo ya kuchemsha mbele ya mlango, na disketi zangu mbili za programu nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaziweka ndani ya gunia la maharage. Majirani walinitania kwamba napika kompyuta.

Katikati ya vita hivyo hivyo, shirika moja lilikodi nyumba mtaani kwetu. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wazazi watoto waliopotea njiani wakati watu wanakimbia. Mkubwa wake, Mratibu, alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye haraka ya kudumu, asiyekaa kwenye kiti. Aliniuliza kama naweza kuandika programu ya kutunza habari za watoto na kuzichapa kwenye fichi, yaani karatasi moja moja za kubandika ukutani. Nikasema naweza kabla hajamaliza kuuliza. Mihogo ilikuwa imenichosha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Niliandika programu iliyofungua dirisha moja kwa kila mtoto. Dirisha ni lile boksi la kwenye ekra lenye sehemu za kujaza. Juu niliweka picha, kisha jina la mtoto, umri, mahali alipookotwa, jina la baba, jina la mama. Kwenye jina la mama Mratibu alitaka jina la kitambulisho tu, kwa hiyo programu yangu ilikataa jina lolote lililoanza na “Mama”. Ukiandika Mama Fulani, inakupigia kengele na kufuta. Majina ya namna hiyo, pamoja na makovu na mengineyo, niliyatengea sehemu ya mwisho kabisa, “Maelezo mengine”. Ekra yetu ilikuwa ndogo, na sehemu hiyo haikuenea. Ili uione ilibidi uvute ule mwambaa wa pembeni, dirisha lipande juu.

Nani alifanya hivyo? Mimi, mtu ambaye mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina lingine isipokuwa Mama Riziki. Ungemuulizia Nabintu Salome, jina langu la kitambulisho, pale Rugenge, wangekuelekeza kwa mtu mwingine au wangekuambia alihama.

Ilibaki kuchapa. Ijumaa Mratibu aliingia, akabaki amesimama kama kawaida yake.

“Mama Riziki, gari yetu inatoka lundi asubui. Fichi zote zikuwe tayari.”

Lundi ndiyo Jumatatu, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya saa chache. Kuandika kila mstari kwa utaratibu wa Shefu kungenichukua wiki nzima. Lakini lugha mpya ya programu, iliyokuja na kompyuta ya shirika, ilikuwa na amri moja fupi ajabu, ambayo ukiiita, dirisha lililo mbele yako linatoka kwenye karatasi jinsi lilivyo. Nikaiita. Karatasi ikatoka, na picha, na fremu, na hata vibonye vya kijivu vya kufungia dirisha. Nilipiga makofi peke yangu. Mratibu alisema, “Madame, uko fundi kabisa,” na nikaenda nyumbani nimevimba kichwa.

Fichi zikabandikwa kwenye ua wa ofisi yetu, makanisani, bandarini, sokoni. Sokoni mzee mmoja alivua kofia mbele yake, akidhani vile vibonye vya kijivu ni mihuri ya serikali. Tulicheka sana ofisini.

Kila Jumanne alikuja mama mmoja kutoka Luvungi. Alisafiri juu ya lori la mihogo pamoja na wifi yake, akapita mbele ya ua wetu polepole, fichi moja baada ya nyingine. Hakujua kusoma. Aliangalia picha, na wifi alimsomea majina. Picha zenyewe zilikuwa mabaka meusi, kwa sababu nukta za ekra ni chache, na ukizitandaza kwenye karatasi zinavurugika. Alifika Jumanne ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuuliza chochote. Jumanne ya saba aliingia ndani akakaa kwenye kiti mbele yangu, na wifi akabaki nje kuliangalia lori.

“Minye natafuta mutoto yangu,” alisema. “Anaitwa Neema. Iko na myaka ine.”

Nikatafuta Neema. Walikuwepo, lakini wote wakubwa zaidi.

“Na weye mama, jina yako?”

“Nizigiyimana Veronika.”

Nikatafuta katika majina ya mama. Hakuna. Nikamwambia hakuna. Hakulia. Alikunja vizuri kile kikaratasi cha kitambulisho chake, akakirudisha kwenye pindo la kitenge, akasimama.

Wifi akaita kutoka nje, “Mama Zawadi, kuya, lori iko inatoka.”

Mama Zawadi. Nilikuwa nimeliandika jina hilo mimi mwenyewe, programu ikanipigia kengele na kulifuta, nami nikashuka chini kuliandika kwenye maelezo mengine.

“Mama, ikala,” nilimwambia. “Ikala kwanza.”

Nikafungua dirisha moja baada ya jingine, nikivuta mwambaa kila mara. Lile la mtoto aitwaye Faida lilipopanda juu, nikasoma: Aliokotwa barabarani na familia ya kijiji cha Makobola. Hakusema neno kwa siku nyingi, kwa hiyo wao ndio waliompa jina hilo. Ana kovu kwenye goti la kushoto. Neno pekee analosema ni Mama Zawadi.

Nikatoka uani nikaitafuta fichi ya Faida. Ilikuwa katikati ya safu ya juu, mbele kabisa. Jina la mama: halijulikani. Chini yake, vibonye vya kijivu. Basi. Amri yangu fupi haikuchapa habari. Ilipiga picha ya dirisha, na kilichokuwa hakionekani kwenye ekra hakikuingia kwenye picha. Mama huyu alipita mbele ya mtoto wake mara saba. Nilitamani ardhi inimeze.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema tu kwamba habari zimefika leo, na nani angejua? Lakini ukuta mzima ulikuwa umekatwa vilevile. Nikaenda kwa Mratibu nikamwambia yote. Kwa mara ya kwanza nilimwona anakaa kwenye kiti.

“Fichi ngapi ziko vile?”

“Zote, shefu.”

“Ubandue zote. Na ku Makobola utaenda weye mwenyewe. Utasema na kinywa yako.”

Makobola iko kusini, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano. Tuliambiwa labda itafunguliwa Alhamisi. Tukasikia pia kwamba watu wa kule wanafunga mizigo wavuke ziwa. Mtoto akivuka na wale waliomlea, tungemtafuta tena wapi? Na bila karatasi yenye habari kamili mkuu wa kijiji asingetoa mtoto kwa mtu yeyote, na alikuwa na haki. Wifi alirudi na lori, na Mama Zawadi alilala kwangu Rugenge. Hakunilaumu. Alifagia uwanja wangu, akapika, na hilo lilinitesa kuliko matusi.

Siku hizo mbili niliandika kama Shefu alivyonifundisha. Nilinawa mikono, nikaitupa ile amri fupi, nikaiambia mashine: anzia hapa, vidole viwili kutoka juu. Andika jina. Shuka. Maelezo yakiwa marefu, yakate kwenye nafasi kati ya maneno, endelea mstari wa pili. Ukurasa ukijaa, fungua mwingine. Picha niliichota kwenye faili yake yenyewe badala ya kuichota kwenye ekra, ikatoka na macho. Na lile jina analoitwa mama mtaani nililipandisha juu kabisa, pembeni ya picha. Mafuta yalikwisha mara mbili, na Mratibu alifyonza ya gari lake bila kuniambia.

Alhamisi barabara ilifunguliwa. Tulifika Makobola tukakuta mtumbwi umeshapakiwa mikeka na sufuria. Yule mama mlezi alikuwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto mwembamba aliyenyolewa, na aliposikia tumefuata nini alikaza kitenge chake.

“Siye tunavuka kesho,” alisema. “Mulikuwa wapi siku zote hizi?”

Nikasema kwa kinywa changu. Nikasema kosa ni langu, karatasi yangu iliyakata maneno. Watu wote wa pale walinitazama, na sikuwa na pa kuweka uso.

Mkuu wa kijiji alichukua fichi mpya, akaisoma kwa kidole, kisha akamgeukia Mama Zawadi.

“Mutoto yako iko na alama?”

“Iko nayo. Ku goti ya kushoto. Alianguka ku jiwe ya kusagia.”

“Na weye, kwenu banakuitaka nani?”

Kabla hajajibu, mtoto alitoa kichwa nyuma ya bega la mlezi wake. Alimtazama yule mwanamke muda, kama mtu anayekumbuka njia. Hakusema mama. Kwao wifi, majirani, watu wote wa uwanjani walimwita hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza, naye Neema alilishika jinsi alivyolisikia.

“Mama Zawadi,” alisema.

Ulikuwa, neno kwa neno, ule mstari nilioukata. Mama mlezi alifungua kitenge mwenyewe, akamshusha, na wale wanawake wawili wakalia wameshikana, mtoto katikati. Nami nililia pembeni ya gari.

Baadaye nilifanya kazi hospitalini miaka mingi, chini ya wakurugenzi wa kila aina, na kila mmoja alinilalamikia kwamba programu zangu za kuchapa zinachelewa. Niliwajibu kwa heshima na kuendelea kuchelewa. Vijana wanaonijia nyumbani kujifunza huniuliza njia ya mkato ya kuchapa dirisha. Ipo, hata leo. Nawapa ile fichi ya zamani ya Faida, ambayo niliibandua ukutani kwa mikono yangu, nawaambia waniambie nini kimekosekana. Wanaigeuza, wanaitazama mpaka wanachoka. Hakuna anayeona, kwa kuwa karatasi iliyokatwa haionyeshi palipokatwa.

Nilipostaafu, cheti changu kililetwa na mtu wa pikipiki. Alizunguka Rugenge siku tatu akimuulizia Nabintu Salome, na kila mtu alimwambia hamjui. Siku ya tatu alichoka, akasimama mlangoni kwangu kuomba maji, na karatasi yangu iko mkononi mwake. Nilicheka mpaka akadhani nimerukwa na akili. Nikanawa mikono, nikachukua kalamu, na juu kabisa ya cheti, juu ya jina la kitambulisho, juu hata ya muhuri, nikaandika: Mama Riziki.