Mtaa Wetu Kifuani Pake

Kijana mmoja wa kizungu huja dukani kwetu, hapa katikati ya jiji la Detroit, kununua santuri za rap. Kichwa chake huanza kutikisika kabla hatujawasha muziki. Sote weusi anatuita "ndugu yangu", hata Odessa wa kaunta, ambaye ni rika la bibi yake. Fulana yake ina jina la mtaa tunaoishi kwa herufi kubwa, kwa kuwa umetajwa kwenye wimbo aupendao. Leo Odessa akamwambia, "Mjukuu wangu, kesho nachoma mbavu nyumbani. Njoo ule."

"Ni wapi, ndugu yangu?"

"Hapo kifuani pako."

Akajitazama. "Nikiegesha gari huko, nitalikuta?"

"Kwani umeanza lini kuwaogopa nduguzo?"

Ndugu yetu akafunga zipu ya koti, taratibu, mpaka kidevuni.