Droni Aliyonichagulia Kaka

Kaka yangu hakuwahi kuniuliza habari za kazi yangu mpaka siku niliyomwambia nataka kununua droni. Kabla ya hapo, nikimwambia nimepiga picha za harusi Makwale, alikuwa anasema "vizuri," kisha anauliza kama mama amepata dawa ya miguu. Yeye ndiye mkubwa wetu, anakaa Mbeya, na tangu baba afariki ndiye aliyeshika nafasi yake. Mimi nina kistudio karibu na stendi ya Kyela, napiga picha za paspoti, za ubarikio, za harusi na za misiba. Machoni pake nilikuwa mtu wa kubonyeza kitufe, na nilishazoea.

Droni yenyewe niliitaka kwa hasira. Familia moja ya Ndandalo, watu ambao nimewapigia picha za ubarikio wa watoto wao wote, walimwozesha kijana wao na wakamleta mpiga picha kutoka Tukuyu kwa sababu alikuwa na ile inayoruka. Mama wa bwana harusi alinikuta sokoni akanishika mkono kwa upole kabisa. "Picha zako nzuri, mwanangu, ndaga, asante," akasema. "Ila zako ni za chini." Nilimshukuru, nikarudi studio, nikafunga mapema.

Nilimpigia kaka ili nilalamike tu. Akaniuliza, "Unataka ya aina gani?" Nilidhani ananitania. Lakini kesho yake akapiga tena, na keshokutwa yake, na ikawa kawaida. Mimi mtu mzima mwenye watoto, nilikuwa nakaa karibu na simu jioni nikimsubiri kaka yangu anipigie tuzungumze habari za betri na kamera. Nilikuwa na furaha ambayo sasa ninaionea aibu, ingawa haikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa nimeshapenda moja ndogo, nyepesi, inayokunjwa ikaingia kwenye mkoba wa kawaida. Kaka aliipinga. Alisema upepo wa ziwa utaipeleka Malawi, na mimi nitabaki na rimoti mkononi nikitazama angani. Hoja ilikuwa ya kweli. Mwera ukianza kuvuma, hata mabati ya Itungi yanapiga kelele. Halafu kulikuwa na moja iliyotumika, ya jamaa wa Mbeya aliyeapa kwamba ameirusha mara chache tu. Kaka alikwenda kuiangalia mwenyewe baada ya kazi, akanipigia simu ya video, akazungusha mapangaboi kwa kidole na kunionyesha mkono mmoja wenye ufa karibu na skrubu. "Hii imeshaanguka," akasema. "Achana nayo, dada."

Hatimaye tukakubaliana mpya, ya wastani, yenye macho ya kukwepa vizuizi mbele, nyuma na chini, na kamera ambayo haitikisiki kwenye upepo. Kyela inataka macho hayo. Migomba haina shida, majani yake ni laini, lakini mchikichi haumsamehe mtu. Betri moja, kaka alisema, ni ya kuchezea, maana mchungaji akirefusha mahubiri utakuta maharusi wanatoka kanisani na wewe huna moto. Akaninunulia mbili za ziada kwa fedha yake mwenyewe, zikaja na basi zimefungwa kwenye boksi la viatu. Akaniongezea kadi yenye kasi, mapangaboi ya akiba, vile vioo vyeusi vya kupunguza ukali wa jua, na begi gumu lenye sifongo. Akanisimamia hadi nikamaliza usajili na kibali, na kila mara alinikumbusha nisithubutu kurusha upande wa mto Songwe kwa kuwa pale ni mpakani. Nani angeshuku mtu wa hivyo?

Kuna kitu kimoja alichosisitiza ambacho sikuona maana yake. Droni haina masikio, kelele za mapangaboi yake zingemeza kila kitu. Lakini simu unayoibana kwenye rimoti inaweza kurekodi sauti ya anayerusha, sauti ikaingia kwenye video. Mimi sikuihitaji, harusini muziki tunauweka baadaye. Kaka akataka niiwashe. "Siku ya kwanza uwe unaongea," aliniambia. "Nataka nikusikie ukifurahi." Nikaiwasha. Niliwasimulia hata wateja wangu kwamba kaka yangu anataka kunisikia nikifurahi.

Nilitamani kuanzia Matema, niupate mlima unavyoshuka moja kwa moja hadi kwenye maji, na bahati ikiwepo nipate wingu la kungu, wale wadudu wa ziwani, likinyanyuka kwa mbali. Kaka akakataa. Alisema mwanafunzi haanzii kwenye upepo na mchanga, aanzie Ngonga kwa mama, tambarare, hakuna nyaya, na droni ikianguka itaangukia mpunga. "Zungusha mpaka wote wa shamba polepole," akasema. "Na kila unapopita upataje. Mkono na mdomo vikienda pamoja, akili inatulia." Niliona ni ushauri wa mtu aliyesoma.

Shamba hilo la Ngonga ndilo maisha ya mama. Juu kuna nyumba na migomba yenye mikakao michache chini yake, na katikati ya migomba hiyo tumemzika baba, karibu na wazazi wake. Chini kuna eneo la mpunga ambalo mama amelilima tangu aolewe. Mama hajawahi kununua mchele maishani mwake, na anapenda mtu alijue hilo kabla hajakaa.

Tulirusha mwezi wa nne, mvua imepumzika, mpunga umesimama kijani hadi macho yanauma. Ardhi ilikuwa tope tupu, nikakosa mahali pakavu pa kuipaishia. Mama akaniletea ungo wake. Majirani waliokuwa wakipalilia walipoona kitu kinanyanyuka kutoka kwenye ungo, walicheka hadi wakashika majembe wasianguke. "Kumbe siku zote mlikuwa nao hapa hapa," jirani mmoja akamwambia mama. "Leo mmeamua kutoka mchana." Mama naye akajibu kwamba anayetaka lifti apange foleni. Sijamwona mama amechangamka hivyo tangu msiba wa baba.

Wakasogea kutazama kwenye simu. Nikazungusha kama kaka alivyonielekeza, nikataja. Hapa kwenye mfereji tunapakana na yule jirani wa ng'ombe. Yule jirani, aliyekuwa amesimama begani pangu, akasema, "Ena, hapo hapo." Hapa kwenye mchikichi uliopinda tunapakana na mjane wa chini. Mjane naye akaitikia kwamba ndiyo, ndipo. Nikafika njia ya kanisani, nikataja, wakaitikia. Mama akacheka. "Unataja kama tunaligawa," akasema. Nami nikacheka, na kicheko changu kimo kwenye video.

Usiku ule nilimtumia kaka kila kitu. Akajibu, "Umefanya kazi safi sana, dada." Ujumbe huo sikuufuta kwa muda mrefu. Baada ya hapo simu zake zikapungua, kisha zikaisha. Nikajiambia ana shughuli. Nami nilikuwa na shughuli, kwa sababu kazi zilianza kuja: Makwale, Ipinda, hata ile familia ya Ndandalo walinirudia kwa binti yao.

Mwishoni mwa mwaka, msimu wa kulima ulipoanza, mama alinipigia akaniambia kuna kijana amekuja na pawatila na anataka kulima mpunga wetu. Alidhani kijana amekosea shamba. Nikapanda bodaboda nikaenda. Kijana hakuwa amekosea. Alikuwa ametumwa na mfanyabiashara wa mjini mwenye ghala la mpunga, na baada ya muda mwenyewe akaja, mtu mzima mwenye kofia, akamwamkia mama kwa heshima zote. Akasema alilinunua shamba lote, na nyumba, kwa kaka yetu, huko Mbeya. Mama akamwambia haiwezekani, hakuna aliyekuja kulionyesha. Yule mfanyabiashara akashangaa kweli. Akatoa simu yake, akamnyooshea mama, na kabla sijaona picha nikasikia sauti yangu.

Nitaeleza, maana mgeni anaweza asielewe sauti ile ilikuwa na uzito gani. Kijijini kwetu shamba halitoki kwa karatasi peke yake. Mtu wa nyumba ile huzunguka mpaka na mnunuzi, akautaja kwa sauti, jirani kwa jirani, na kila jirani huitikia. Wakishaitikia, limetoka. Karatasi huandikwa baadaye, kama mtu anavyoandika jina la mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Kaka hakuthubutu kuja Ngonga kuuzunguka mpaka ule, kwa sababu mama angemfukuza na majirani wangefunga midomo. Akanituma mimi kwa hewa, na betri za zawadi.

Ukoo ukaketi nyumbani kwa mama. Kaka akaja na gari, amevaa shati la ofisini, akatusalimia wote. Alisema ana shida zake, ni mrithi, na mama amechoka kulima. Halafu akaichezesha video mbele ya wazee. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akituongoza, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia. "Hii sauti ni ya nani?"

"Yangu, baba. Lakini nilikuwa najifunza kurusha."

"Na walioitikia?"

Majirani wakatazama chini. Yule wa ng'ombe akasema ni yeye, ila alidhani ni mchezo. Baba mkubwa akasema sisi hatujawahi kuwa na mchezo wa kutaja mipaka. Niliwaambia yote, simu za jioni, ushauri wa kuanzia Ngonga, sauti aliyotaka niiwashe. Nilisema kwa ukali, na baadhi yao waliniona sina adabu. Kaka akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikiliza mtoto mwenye homa.

Mama ndiye aliyeokoa nusu. Aliomba aonyeshwe kwenye ile video mahali alipo baba. Tukatafuta. Kamera ilikuwa imepita juu ya migomba mara kadhaa, na yalionekana majani tu, mazuri, yanang'aa. "Basi na wewe hukumwona," mama akamwambia mnunuzi. Akamshika mkono akampeleka ndani ya migomba. Yule mnunuzi aliporudi alikuwa ameivua kofia yake. Alisema hakuambiwa kuna makaburi, na hawezi kununua mahali watu wamelala. Nyumba na migomba akaviacha. Mpunga ulikuwa umeshatajwa na kuitikiwa, na huo ukaondoka.

Nilimfuata kaka hadi kwenye gari. Nilimuuliza kama alinichagulia ile droni kwa ajili ya hili tangu mwanzo, au wazo lilimjia katikati. Ndilo jambo pekee nililotaka kulijua, na bado nalitaka. Akafunga mkanda. "Nilikusaidia, dada," akasema. "Si una kazi sasa?" Akaniingiza mjini, kisha akanidai shukrani. Nilimchukia pale pale, na sijaona sababu ya kuacha.

Droni bado ninayo. Ni nzuri, alichagua vizuri, na hilo linaniuma zaidi kuliko kama angenichagulia takataka. Sauti ya simu nimeizima. Nikiwa narusha sisemi neno, wateja wanadhani nina maringo.

Mwezi uliopita mama alikuja studio akitokea sokoni. Aliweka kikapu chake mlangoni, akakaa, akaomba maji. Nilipokisogeza kikapu watu wapate njia, nikaona mfuko wa mchele, kilo chache, umefungwa kwa fundo la dukani. Mama akaona kwamba nimeona. Akaniwahi.

"Usimwambie kaka yako kwamba nimenunua mchele. Ataona vibaya."

Nikamwambia sizungumzi naye, na hata ningekuwa nazungumza naye, ningemwambia hilo kwanza kabla ya salamu. Nikamuuliza kwa nini yeye anahifadhiwa hivyo, aliyeuza, na mimi niliyedanganywa sijasikia neno moja la pole tangu siku ile.

Mama akanywa maji yote, akanirudishia glasi.

"Kaka yako alipouza mimi sikuwepo," akasema. "Wewe ulipotaja nilikuwa nimesimama karibu yako. Nilikusikia."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri. Nikambebea mchele wake hadi kwenye bajaji.