Blanketi Lililomalizwa

"Dada Adeline, hilo blanketi litakwisha kabla Bwana Yesu hajarudi, au utapaa nalo likiwa nusu?"

Jirani yake, Hilda Toews, ndiye aliyeuliza hivyo, amesimama mlangoni na theluji kwenye viatu. Adeline Friesen alicheka tu, akaendelea kufumua. Mshono ulikuwa umenyooka vizuri, naye anaufumua.

"Mbona waharibu?"

"Siharibu, shoga yangu. Narudia."

Hilda aliondoka akitikisa kichwa, na si wa kulaumiwa. Huku kwetu Manitoba, Kanada, mwanamke akielemewa na ugonjwa au msiba, kina mama wa kanisa huchukua blanketi lake la viraka, wakalitandaza kwenye fremu ya mbao ya kushonea, wakalizunguka na sindano zao mpaka liishe. Hawaombi ruhusa. Ni upendo, na tangu zamani hakuna aliyewahi kuukataa.

Adeline alikuwa akimuuguza mumewe, Kornelius, aliyepigwa na kiharusi. Mtu aliyekuwa akirusha magunia ya ngano kama mito, sasa alikuwa wa kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani. Akishakula mchana hulala kidogo, na hapo Adeline huketi dirishani na viraka vyake. Mwanzoni mabega yalikuwa juu karibu na masikio. Vidole vikishika mwendo, mabega yalishuka, pumzi ikarefuka, na ile sala iliyomkwama kooni tangu asubuhi ikatoka yenyewe. Kornelius akiamka, alimkuta mke mpole. Kwa hiyo Adeline hakutaka blanketi lile liishe. Hakumwambia mtu. Angeanzaje kusema kwamba anahitaji kupumzika kutoka kwa mume ambaye yeye mwenyewe aliapa mbele za Mungu kumtunza?

Katikati ya baridi kali Kornelius alishikwa na kichomi, akalazwa hospitali mjini, Adeline akakaa naye huko. Hilda akaachiwa ufunguo wa nyumba aangalie moto, mabomba ya maji yasigande.

Waliporudi, kina mama walikuwa wamejaa jikoni, kahawa tayari, na mikate midogo ya siagi bado ya moto. Hilda alimwambia afumbe macho. Alipofumbua, blanketi lilikuwa limetandazwa mezani, limeshonwa lote, pindo na kila kitu.

Adeline alilishika. Uso ulimpauka, machozi yakaanza kumtoka. "Limekwisha?" akauliza.

"Limekwisha, dada," akasema Hilda. "Pumzika sasa."

"Mwacheni alie," akasema mwingine. "Ni furaha hiyo."

Kesho yake mchana Kornelius alipolala, Adeline aliketi dirishani kama kawaida, mikono mitupu mapajani. Mabega hayakushuka. Alijaribu kusali, akajikuta anahesabu nguo za kufua. Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo, mpaka adhuhuri moja Kornelius aliposukuma bakuli kwa mkono wake mmoja mzima, supu ikamwagika juu ya shuka ambazo Adeline alikuwa ametoka kubadilisha.

Adeline aliinua mkono.

Hakumpiga. Lakini Kornelius alijikinga uso. Mume wake wa ujana, asiyeweza hata kutamka jina lake, alijikinga uso dhidi yake. Adeline alibaki ameduwaa, mkono ungali hewani, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha alipiga magoti kwenye supu, akamshika shavu, akamwomba radhi mpaka Kornelius alipoushusha mkono wake.

Alimpigia Hilda simu. Hilda alifika mbio, koti halijafungwa, akakuta shuka bado zimelowa.

"Kumetokea nini?"

"Nimetaka kumpiga Kornelius."

Hilda akakaa chini pasipo kuambiwa. "Wewe? Adeline wewe?"

"Mimi. Kushona ndiko kulikonizuia mkono, Hilda. Nilikuwa nafumua makusudi ili kusiishe."

Hilda aliziba mdomo. Alilitazama blanketi lililokunjwa vizuri kwenye kiti, mishono yake mwenyewe ikionekana pembeni. Uso wake ukageuka mwekundu mpaka shingoni.

"Nasi tukadhani umeshindwa. Tumekunyang'anya," akasema polepole. "Nisamehe, dada. Niambie tufanye nini. Tulifumue lote?"

Nusura Adeline acheke. Alifuta mikono kwa aproni, akamtazama Kornelius, kisha akamtazama jirani yake.

"Mniletee vitambaa ambavyo havijakatwa," akasema. "Na siku mkitaka kunisaidia, njooni mumlishe Kornelius na kumgeuza. Kushona niachieni mwenyewe."