Mafuta ya Breki Hayachanganywi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Mzee Chilumba, fundi mkuu wa karakana ya baiskeli hapa Kariakoo, alinipa beseni la mafuta ya taa, brashi na rundo la minyororo iliyoganda matope, akanionyesha pa kukaa. Nilikuwa nimetoka Masasi, binti niliyemaliza shule na mwenye mikono isiyotulia. Yeye pia alikuwa mtu wa Masasi, na nadhani ndiyo sababu alinipokea. Mwenye duka, Mzee Nassor, ambaye babu yake alitoka Uarabuni akafungua biashara mtaa huohuo, alinitazama juu ya miwani.

"Chilumba, huyu binti atamaliza wiki?"

"Akimaliza wiki, hatoki tena," fundi mkuu akajibu.

Alasiri aliniita kwenye baiskeli iliyokuwa imening'inizwa, akauweka mkono wangu kwenye mkono wa breki. "Anza na hapa kila siku," akasema. "Baiskeli isiyokwenda haijaua mtu. Isiyosimama ndiyo inayoua."

Enzi hizo breki ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Ukivuta, unaona chuma kinavyopanda na raba inavyobana ringi. Baadaye zikaja breki za waya, nazo zilikuwa wazi: waya ukianza kukatika, unaona nyuzi zake zimefumuka. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nililala vizuri kwa sababu nilikuwa nimeona.

Kisha makontena ya mitumba yakaanza kuleta baiskeli za milimani, zenye matairi ya meno na shokapu za kupunguza mtikisiko mbele, na kwenye mkono wa breki hapakuwa na waya. Palikuwa na mpira mwembamba mweusi uliofungwa pande zote. Ndani yake kulikuwa na mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukuma pistoni mbili ndogo, nazo zinabana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Hiyo ndiyo breki ya haidroliki. Inashika kuliko zote, lakini imefunga mdomo. Inaweza kuwa mgonjwa wa kufa na kwa nje ikang'aa kama mpya.

Nyinyi mnaoanza leo mna simu za kuwaeleza kila kitu. Sisi tulijifunza kwa kuharibu vipuri vibovu mezani. Tuligundua kwamba breki hizi ni za koo mbili. Moja inakunywa mafuta ya madini, laini na yenye kuteleza. Nyingine inakunywa mafuta ya breki ya aina ile ya magari, yale yenye herufi DOT kwenye chupa. Huwezi kuwapa hawa chakula cha wale. Ndani kuna raba ndogo za duara, tunaziita sili, zinazozuia mafuta yasivuje. Sili iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta haya ikikutana na yale, inavimba na kulainika kama andazi kwenye chai. Pistoni zinakwama. Baada ya hapo breki inaweza kung'ang'ania au isishike kabisa, na hujui itachagua lipi.

Kila aina ina tabia yake. Mafuta ya DOT yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Dar mnaijua. Yakishazeeka na kushiba maji, kwenye mteremko mrefu yanachemka, na mkono wa breki unazama mpaka kwenye usukani. Ya madini hayanywi maji, lakini maji yakiingia yanakaa chini peke yake na kuchemka vilevile. Hata mafuta ya shokapu ni jambo lake: yana uzito wa namna mbalimbali, mazito kwa mtu mzito, mepesi kwa mwepesi, na hayaingii kwenye breki hata kama chupa zinafanana. Sheria tuliyoishia nayo ni fupi. Soma kifuniko cha breki yenyewe, kimeandikwa. Ukishindwa kusoma, usimimine.

Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo.

Miaka mingi ilikuwa imepita. Nilikuwa msaidizi wa fundi mkuu. Mteja wetu mmoja, Dada Ireni, mwalimu wa michezo, alileta baiskeli yake tutoe upepo, yaani tuondoe mapovu ya hewa kwenye breki na kujaza mafuta mapya. Siku ile nilikuwa nimekwenda kununua matairi, kwa hiyo Mzee Chilumba aliifanya mwenyewe. Kesho yake asubuhi Ireni aliichukua. Alisema anavuka kwenda Kigamboni kufanya mazoezi, kisha jioni apande basi la Morogoro. Yeye na wenzake walitaka kushuka Milima ya Uluguru kwa baiskeli.

Alipoondoka nilianza kuosha vyombo vya jana. Nilimwaga maji kwenye sinia lenye mabaki ya mafuta mapya aliyojazia breki za Ireni. Yakachanganyika na maji, yakapotea. Nilisimama nikitazama. Breki za Ireni zilikuwa za mafuta ya madini, na mafuta ya madini huelea juu ya maji kama mafuta ya kupikia.

Nilimwendea Mzee Chilumba taratibu. "Mzee, jana ulimwekea Ireni chupa ipi?"

"Ile ya madini. Ile pale."

Aliyoinyooshea kidole ilikuwa ya DOT. Nikaichukua nikamsogezea. "Hebu nisomee hapa, Mzee."

Aliishika karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza tena. Kisha akaiweka chini. "Tangu mfungo uliopita sioni herufi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakwenda kwa mahali chupa inapokaa. Nani alizihamisha?"

Hakuna aliyezihamisha kwa ubaya. Rafu ilikuwa imefutwa vumbi, basi.

"Mpigie," akasema.

Nilikuwa nimeshapiga. Simu iliita bila kupokewa.

"Basi kimbia, Anastazia. Mwambie ni mimi niliyekosea. Usinifunike."

Nilitoka na ovaroli langu. Magari yalikuwa yamesimama, bodaboda zimebanana, hivyo nilikwenda kwa miguu, nusu nikikimbia. Nilikatisha Mnazi Mmoja katikati ya watu, nikapita Posta ubavu unanichoma, na njia nzima nilikuwa naona kitu kimoja tu: ule mteremko wa kushukia kwenye pantoni ya kuvukia Kigamboni pale Magogoni, umejaa akina mama wenye ndoo za samaki, na Ireni anabana breki.

Nilimkuta kwenye foleni, geti bado halijafunguliwa. Alinishangaa.

"Fundi Ana, vipi? Nimesahau nini?"

"Bana breki ya mbele, halafu achia."

Akabana. Akaachia. Mkono wa breki ulirudi polepole, ukaishia nusu ya njia. Sili zilikuwa zimeshaanza kuvimba.

"Asubuhi haikuwa hivi," akasema.

"Kesho ingekuwa vibaya zaidi. Tumekuwekea mafuta siyo. Mzee Chilumba ameniambia nikwambie ni yeye."

Aliutazama ule mkono wa breki. Geti likafunguliwa, watu wakatupita wakituparuza kwa vikapu. "Kesho saa hizi ningekuwa mlimani," akasema. Hakunifokea, na hilo liliniuma kuliko kufokewa. Tuliirudisha baiskeli tukiikokota, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili.

Mzee Chilumba alikuwa amesimama mlangoni. Hakusubiri aulizwe. Mbele ya mwenye duka na wateja wawili akasema, "Mwalimu, nisamehe. Macho yangu hayasomi tena, na nililificha kwa sababu naipenda kazi hii."

Ireni alimpa mkono. "Nimekusamehe, Mzee. Lakini breki usishike tena."

Mzee Nassor alivua miwani yake, akaifuta muda mrefu. "Chilumba," akasema, "magurudumu unanyoosha kwa kutumia nini, macho au masikio?"

"Kwa masikio. Spoku iliyolegea inalia tofauti."

"Basi kaa na magurudumu. Breki zote ni za Ana."

Sili zote za Ireni zilibidi zitupwe, na safari yake ikaahirishwa. Mzee Chilumba alinyoosha magurudumu, akizipiga spoku kwa kucha na kuinamisha kichwa, mpaka aliporudi Masasi kupumzika. Mimi nikawa fundi mkuu. Mzee Nassor alipofariki, binti yake Bi Salma alishika duka. Alinikubalia meza mbili, mabomba ya sindano ya kujazia tofauti na matambara tofauti, kila aina ya mafuta na vyake, maana hata tone lililobaki ndani ya bomba linatosha kuharibu.

Lakini utulivu sikuupata. Kila baiskeli iliyotoka mlangoni niliifuata kwa moyo. Mara nyingine niliifuata kwa miguu hadi kona ya mtaa, na Bi Salma alikuwa akisema, "Mama Ana, mwache mteja aende." Magoti yaliponishinda nikastaafu. Watoto wangu wanasema nipumzike, nami nakaa dakika mbili naamka. Nimeacha kupigana na hali hiyo. Nadhani mtu aliyeshika breki za wenzake hapaswi kutulia sana.

Wiki iliyopita nilikuwa Posta, dada mmoja akasimama kando yangu na baiskeli ya milimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo breki imejazwa mafuta gani?"

Akacheka. "Mi sijui, mama. Fundi kaweka tu."

Niliinama nikasoma kifuniko, kimeandikwa mafuta ya madini, nikapitisha kidole pembeni pa mpira palipobaki tone la wakati wa kujaza, nikasugua. Yaliteleza kama yanavyotakiwa. Nikamwambia aende. Alishuka barabara kwa kasi, na mimi nikasimama pembeni, roho juu, nikimtazama mpaka taa za makutano zilipowaka nyekundu.

Akasimama.