Mtoto Aliyekula Dirisha

Nilimchapa mwanangu kwa sababu alikuwa anakula dirisha. Sina lugha laini ya kulisema hilo. Alikuwa na miaka miwili. Nyumba yetu ya mtaa wa Woodley ni ya zamani, na rangi ya dirisha la sebuleni ilikuwa inabanduka magamba. Aliyachuna na kuyatafuna kama krispi. Nikimfumania nilisema, "Leta mikono!" Alinyoosha viganja nami nikavicharaza kwa mwiko.

Alipokataa uji, nilimchapa. Alipolia tumbo, niliona ni deko. Maneno machache aliyokuwa ameanza, "maji", "baba", "apana", yakampotea, nami nikasema huyu ni mkaidi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, basi nikamfunza. Mungu anisamehe.

Siku alipoanguka kwa degedege nilimkimbiza hospitali. Walimpima damu, wakamlaza. Daktari akaniuliza kama nyumba ni ya kitambo, na kama kuna mtu anakwangua rangi.

"Ni madini ya risasi, mama. Ilikuwa inawekwa kwa rangi za zamani. Huyu mtoto hana tabia mbaya. Amekula sumu."

Nilitaka kumrukia. Kisha nikatamani kujirukia mwenyewe.

Ilikuwa Desemba, na kwetu Krismasi haiji mpaka kuta zipakwe rangi mpya kabla ya wageni kutoka mashambani. Nilipopitia nyumbani kuchukua nguo za mtoto nilimkuta mume wangu akisugua dirisha lile kwa msasa mkavu. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, hadi ndani ya sufuria ya uji. Niliinyanyua nikamrushia. Ilimpasua juu ya jicho.

"Wewe, umerogwa? Ni vumbi tu!"

"Hiyo vumbi ndiyo inaua mtoto! Weka hiyo kitu chini kabla nikumalize!"

Alinishika mikono, nikamng'ata. Tulipigana mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipopata pumzi nikamweleza alichosema daktari. Akaketi sakafuni na damu yake usoni, akalia kwa sauti.

Mimi nilitaka kulivunja dirisha kwa nyundo. Daktari alinikataza, kwa kuwa kuvunja kunatimua vumbi zaidi. Mtoto alipotoka hospitali, alikaa kwa dada yangu mpaka fundi alipokwangua kila fremu ikiwa imelowa maji, akafuta kila kitu. Siku hizi sifagii sakafu kavu, naipiga deki. Mtoto anakula maharagwe, maziwa na sukuma wiki, na ananawa kwa sabuni kabla ya kutia chochote mdomoni.

"Maji" limerudi. Mengine bado tunayangoja.

Kila mlo naleta beseni na sabuni, nachuchumaa mbele yake, nasema kwa sauti ya chini kabisa niliyo nayo, "Leta mikono." Ananyoosha viganja, anafumba macho, na kungoja mwiko.