Maswali ya Kanyere kwa Edmond

Kule Beni, wanawake wa mtaani wakipata wito wa mahakama, huenda kwanza kwa Kanyere. Yeye huwaambia wakae, huwapa maji, kisha huwaambia wasimame tena na kutaja majina yao kwa sauti. Watu wanasema mengi juu ya namna alivyojifunza. Naandika ilivyokuwa, kwa sababu jina lililosomwa mahakamani lilikuwa jina la familia yetu.

Kanyere alizaliwa Musienene, katika nyumba ya wakulima wa maharage na viazi, watu wa kanisa. Alisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, kisha Éphraïm Lusenge, mdogo wa marehemu mume wangu Josaphat, akamwoa kwa heshima yote. Mbuzi walitolewa mbele ya mashahidi na ndoa ikabarikiwa. Lusenge aliendesha lori kati ya Beni na Kasindi, mpakani na Uganda. Walijenga nyumba ya matofali Beni, wakamzaa Joyeuse na wadogo zake. Kanyere aliuza maharage sokoni. Hakuwa msemaji. Katika mikutano ya familia alikaa karibu na mlango, na ukimwuliza neno alitazama mkeka, kama anavyofanya mwanamke aliyelelewa vizuri mbele ya wakubwa wa mume wake. Mimi nilimsifu kwa hilo.

Mwaka wa 2000, katika vita vya pili, askari walisimamisha lori lile kwenye barabara ya Kasindi. Walishusha abiria wote, wakambakiza dereva kwenye usukani kwa sababu walihitaji mtu wa kuwaendesha. Abiria walirudi Beni kwa miguu wakatueleza. Walikuwa askari gani, kila mtu alisema lake, nasi tukaacha kuuliza. Lori lilionekana baadaye kando ya mto, limeungua. Lusenge hakuonekana. Tulikwenda kambini, tulikwenda hospitalini, tuliwauliza hata wanaovuka mpaka. Hatukukaa matanga, maana hapakuwa na aliyejua kama amekufa.

Miezi ikapita. Ndipo akaja Edmond, mtu anayeshughulikia mizigo ya forodha Kasindi, amevaa viatu visivyo na vumbi, na mkononi karatasi ya mauzo. Alisema Lusenge alimwuzia nyumba ile palepale Kasindi, muda mrefu baada ya lori kuchukuliwa, kisha akavuka kwenda Uganda. Alidokeza kwamba hakuvuka peke yake.

Kanyere hakuitazama karatasi.

"Ulimuona?"

"Kama vile minakuona weye, mama. Tulikaa naye ku meza moja."

Kanyere akamvutia kiti, akaenda kuchemsha chai. Joyeuse alinieleza jambo hilo kwa hasira.

"Mutu anakuya kutufukuza, mama mukubwa, na mama anamutilia sukari mara mbili."

Mimi nilielewa. Kama Edmond alisema kweli, nyumba imekwenda lakini Lusenge yu hai. Kama alisema uongo, nyumba inabaki, na duniani hakuna tena mtu aliyemwona Lusenge baada ya siku ya lori. Kanyere hakuweza kupata vyote viwili. Kwangu mimi jambo lilikuwa jepesi zaidi. Ukoo wetu haujatoa mwanamume wa kuuza paa lililo juu ya vichwa vya watoto wake akatoroka.

Edmond alipeleka shauri mahakamani Beni. Mawakili wengi walikuwa wamekimbia mji, na yule aliyebaki alikuwa tayari upande wa Edmond. Familia ikamtuma Malachie, mkubwa wa ukoo sasa, mzee wa kanisa, kusema kwa niaba ya Kanyere. Malachie alianza na kuumbwa kwa dunia. Alipofika kwenye gharika, jaji alimwomba aketi. Hakuketi.

"Hapa si ibada, muzee," jaji alimwambia, na polisi akamsindikiza nje.

Kisha jaji akamgeukia Kanyere, akamwuliza kama anayapinga mauzo. Kanyere akatazama sakafu, kwa heshima, akisubiri mkubwa amjibie. Karani akaandika kwamba mdaiwa hana la kujibu. Wakili wa Edmond akaongeza kwamba, hata angekuwa nalo, mwanamke mwenye mume hasemi mahakamani bila ruhusa ya mume wake, na huyu mume wake yuko Uganda. Jaji akaahirisha. Kanyere arudi na ruhusa ya mume, au na hati ya kifo, au aeleze kwa nini hana hiki wala kile.

Tangu hapo Kanyere akawa anakwenda mahakamani kila siku ya kusikiliza mashauri. Alikaa benchi la nyuma na ungo wa maharage magotini, akichambua. Hakuna aliyemfukuza. Alisikiliza mashauri ya mipaka ya mashamba, ya ng'ombe walioingia mihogoni, ya watu waliorudishiana mahari. Barabara ilipopitika alipanda na Joyeuse kuja kwangu Butembo siku ya Jumapili, akanieleza aliyoyaona, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ule mwenye kupiga kelele anaangukaka. Na ule mwenye kujibu mwenzake, naye vilevile. Unajibu jaji tu. Hata mwenzako akutukane, weye unaongea na jaji."

"Na ukitaka kumwuliza mwenzako?"

"Unaomba jaji amuulize. Njo kusema anauliza yeye, mais swali ni ya kwako."

Baada ya ibada nilikaa kwenye kiti cha Josaphat nikawa jaji. Yeye alisimama katikati ya sebule.

"Jina la mume wako?"

"Baba Joyeuse."

"Mahakama haimjui Baba Joyeuse."

Miaka yote ya ndoa hakuwa amelitamka jina lile mbele za watu. Joyeuse alikuwa akipiga pasi, akacheka.

"Mama, sema tu. Haiko tusi."

"Éphraïm Lusenge," akasema, akiitazama miguu yangu.

"Nitazame mimi."

"Nitakuangalia namna gani, yaya? Weye njo mukubwa."

"Kule mimi si mkubwa. Kule ukitazama chini wanaandika kwamba umekubali."

Ilichukua Jumapili nyingi. Macho yake yalipanda polepole, yakafika kwenye magoti yangu, kwenye vifungo, kwenye kidevu. Siku aliponitazama usoni, mimi ndiye niliyegeuka kuangalia dirisha.

Ikabaki kuamua atakachosema juu ya mume wake. Nilimwambia aseme amekufa. Mjane hahitaji ruhusa ya mtu. Tena aliyekufa hakuuza nyumba wala hakuvuka mpaka na mwanamke yeyote.

"Sikumuzika," alisema. "Nitasema haiko."

"Hata mtu aliyekwenda sokoni hayupo, Kanyere."

"Kulikuwa mwanamuke mumoja wa Mabalako. Bwana yake alipotea, jaji akamuita absent. Akasoma mu kitabu, akasema sheria inaacha bibi aongee mwenyewe. Donc nami nitasema vile."

Sikupenda. Lakini nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba hilo lilikuwa sahihi.

Siku ya shauri niliteremka Beni. Kanyere alivaa kitenge cha kwaya ya akina mama. Alisimama, akataja jina lake, la mume wake, na la baba mkwe wetu pia, akimtazama jaji. Alisema mume wake hayupo tangu lori lilipochukuliwa, kwamba hana hati ya kifo kwa sababu hajui kama amekufa, na kwamba anaomba aruhusiwe kusema mwenyewe kama mke wa mtu aliyepotea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja bei ya maharage. Jaji akafungua kitabu, akasoma kidogo, akamwambia aendelee.

Tulikuwa tumetayarisha maneno. Karatasi haina shahidi wa familia. Sahihi hailingani na ile ya cheti cha ndoa. Hakuyasema. Alimwita jaji kwa cheo chake cha mahakamani.

"Président, naomba umuulize Edmond, bwana yangu alikuwa amevaa nini."

Wakili akainuka. "Hilo linahusu nini?"

"Ajibu," jaji akasema.

Edmond akajibu kwamba ni shati. Shati jeupe, alidhani.

"Umuulize kama alikuwa amekonda."

"Kidogo. Mais alikuwa muzima."

"Abiria walisema askari walimupiga ku mukono. Umuulize mukono ilikuwa namna gani."

"Ilikuwa imepona."

"Mukono gani?"

"Elekea kwangu, mama," jaji alimwambia.

"Umuulize mukono gani, Président."

Edmond akamtazama wakili wake. Nyuma yangu mwanamume mmoja akanong'ona, "Mama anamupika," na mwenzake akajibu, "Bado chumvi." Watu wakacheka. Jaji akagonga meza.

Nami nilifurahi, kwa sababu nilidhani anamtega. Kisha nikaona uso wake kutoka pembeni. Alikuwa amemsogelea Edmond hatua moja, kama alivyowasogelea wale abiria siku waliporudi kwa miguu.

"Umuulize kama aliuliza batoto. Umuulize alikula nini, pale ku meza."

Edmond akajifuta shingo kwa leso.

"Président," akasema, "mimi na ule mutu hatukuonana. Karatasi aliniletea komisioneri mumoja, dalali wa pale ku barrière ya mupaka. Alisema mwenye nyumba iko ng'ambo, anafanya haraka. Mimi nilinunua tu."

"Hukumwona kabisa?" jaji akauliza.

"Sikumuonaka."

Wakili akafunga faili lake. Jaji akamwuliza Kanyere kama ana swali jingine.

"Hapana, Président. Imekwisha."

Hukumu ilisomwa baadaye. Mauzo yalifutwa. Nyumba ni ya Éphraïm Lusenge, asiyekuwapo, na mke wake ataitunza. Jina likasomwa kwa sauti mbele ya watu wa Beni na hakuna aliyecheka. Niliushika mkono wa Kanyere. Aliuacha ndani ya wangu kama kitu alichosahau pale.

Nje, Edmond alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Mama, usinichukie. Nyumba umepata."

"Mbona ulisema mulikaa meza moja?"

"Ni vile batu banasemaka, mama. Ili mutu aamini."

"Niliamini," Kanyere akasema.

Tulitembea hadi nyumbani. Mimi nilitaka kumshukuru Mungu kwa sauti, lakini hakukuwa na mtu wa kuitikia. Alipofungua mlango alimwambia Joyeuse apeleke habari kwa Malachie na kwa watu wa Musienene, kwamba Jumamosi familia ije kukaa matanga. Joyeuse alimtazama, akanitazama mimi, kisha akatoka.

Malachie alifika mapema, na koti lake jeusi na Biblia. Kabla ya kuketi aliuliza, kama inavyompasa mkubwa kuuliza anapofika kwenye msiba:

"Habari ya kifo imeletwa na nani?"

"Edmond," Kanyere akasema.

Malachie alisubiri aendelee. Kanyere akaingia ndani kutoa viti, maana watu walikuwa wameanza kufika.